Viatu Vilivyovuliwa Mlangoni

Wiki iliyopita nilimpigia kelele mjukuu wa dada yangu, sebuleni kwake mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, kwa ajili ya viatu. Msichana huyo anakwenda Ulaya kuvuka milima ya theluji kwa siku kumi, miguu imefungwa kwenye mbao ndefu za kutelezea. Alikuwa ametandaza vifaa vyake chini: mbao, fimbo mbili, glavu, na jozi mbili za viatu, moja airudishe dukani. Jozi moja nyeusi, pana, haina sura. Nyingine nyeupe, nyembamba, inang'aa. "Hivi vyeupe vinabana kidogo, lakini kwenye picha vitapendeza," akasema. Basi nikawaka. Maskini, alibaki kunikodolea macho, hajui kwamba ugomvi wangu si naye.

Tulifika Maskati kutoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi nina miaka minane, dada kumi na miwili. Tulikaa vyumba viwili nyuma ya soko la Matrah, vinanuka ndimu kavu na papa. Kazi yetu watoto ilikuwa kuteka maji na kupepeta mchele. Nazi ikipatikana, mara moja kwa miezi, mama hupika wali wa nazi, nasi tukala kimya kama watu msibani. Kule Unguja baba alikuwa karani. Hapa hakuwa kitu, na hilo lilimuuma kuliko njaa.

Majira ya baridi ya mwaka wa pili, ikaja habari kwamba jamaa za babu, walioko juu ya mlima wa Jabal Akhdhar, upande wa pili, wako tayari kututambua. Watatupa nyumba na sehemu ya bustani ya makomamanga. Lakini kwanza wamwone baba na mtoto wake wa kwanza, yaani dada. Lori lingewafikisha chini ya mlima. Kutoka hapo ni siku mbili kwa miguu, nyuma ya punda wa mizigo.

Jirani yetu, mwanamke aliyezaliwa huko mlimani, akaja na furushi kichwani. Akalifungua mkekani: blanketi zito la sufi ya mbuzi linalonuka moshi, soksi nene za sufi hiyo hiyo, na viatu vya ngozi vyenye soli ya mpira wa gari. Akatwambia kwa Kiarabu, polepole ili tumfahamu, kwamba huko juu maji hugeuka jiwe, na kiatu kinachobana huzuia damu. Dada akavivaa na soksi zake. Akacheka. "Vidole vinacheza," akaniambia.

Baba hakuvigusa. "Mie sendi kwa jamaa zangu kama ombaomba," akasema. "Watasema tumetoka Unguja hatuna hata kiatu."

"Bwana, njia ndefu," mama akamjibu. "Avae hivi njiani, vile vya Idi avae akishafika."

"Na wakitoka kutupokea njiani? Nshasema."

Vile vya Idi vilikuwa vyeupe, vya Unguja, na vilikuwa vimeshamfupia. Mama akafukiza nguo udi, baba akapiga pasi kanzu yake. Alichagua mavazi ya kufikia, si ya kwendea. Yeye mwenyewe, ujue, alivaa viatu vyake vinene vya kazini, na soksi. Mwanamme nani humtazama miguu? Jirani akafunga furushi lake akarudi kwake.

Walirudi baada ya wiki tatu, dada anashushwa kwenye lori kwa kubebwa. Alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka. Kijito kilikuwa kimeganda, akakikanyaga, barafu ikavunjika, viatu vikaloa. Hakusema kitu, kwa kuwa alikuwa ameonywa asimwaibishe baba. Hakuna jamaa aliyetoka kuwapokea njiani. Na walipofika mlangoni, kama katika nyumba yoyote ya kwetu, wakavua viatu.

Vile viatu vyeupe hakuna aliyeviona. Walichokiona jamaa ni miguu ya mtoto, na shangazi wa nyumba ile akapiga ukelele. Vidole viwili vya mguu wa kulia havikupona.

Nyumba tulipata, na bustani pia. Baba aliishi akisimulia alivyopokewa kwa heshima, kanzu yake inanukia. Vidole hakuvitaja hata siku moja. Nilisubiri mpaka anakufa amwambie dada neno moja tu, na nina hasira naye hadi leo, Mungu anisamehe.

Sina pa kuipeleka hasira hiyo. Vyumba vyetu vilibomolewa ikapita barabara. Jirani sijui hata alikozikwa. Mlimani sasa unapanda kwa gari, watu wanakwenda kupiga picha umande ulioganda, kisha wanakunywa chai hotelini. Dada tulimzika mwaka juzi. Maisha yake yote alivaa soksi, hata katika joto la Juni, na mjukuu wake hakuwahi kuuona mguu wa bibi yake.

Nilimwambia yote, pale chini, katikati ya vifaa vyake. Msichana akavaa soksi mbili nene, akaingiza miguu katika vile viatu vyeusi, akasimama. Nikamuuliza vidole vinafanyaje.

"Vinacheza, bibi."

Nikamwambia vile vyeupe avirudishe leo leo, kabla sijavitupa nje.