Nishani Iliyoitwa Pambo

Saa kumi na moja alfajiri, Nyansiongo. Alfayo Nyangate anakamua kwa hasira, hadi ng'ombe mwenyewe anageuka kumtazama. Kwenye fulana yake iliyotoboka amebandika nishani ya utumishi mrefu katika jeshi la wanamaji.

"Hapa zizini hakuna mtu ataniambia nitoe," anasema.

Jumapili ijayo binti yake, Tryphosa, anafunga ndoa. Nyangate alikusudia kumwingiza kanisani akiwa na nishani hiyo kifuani. Wazee wa kanisa la kijiji wamekataa. Wanasema waumini wao hawavai mapambo, na kwao nishani ni pambo tu, sawa na hereni.

Pambo! Mwanamume huyu alitoka milimani mwaka 1964, hajui hata kuogelea, akaenda kuhudumia injini za meli za doria kwa miaka kumi na miwili. Mwezi wa kwanza alikuwa akitapika tu. Kiganja chake cha kushoto kina kovu la kuunguzwa na bomba la injini. Mama yake alipofariki, yeye alikuwa baharini. Alipofika nyumbani alikuta nyasi zimeota kaburini.

"Sikutupa mchanga kwa kaburi ya mama yangu," anasema. "Nilipewa hii. Sasa mtu ananiambia ni shanga?"

Nilimwendea Mzee Nyasani, msemaji wa wazee hao.

"Tukimruhusu yeye, kesho akina mama watakuja na bangili," alinijibu, akiichezea saa yake yenye mkanda wa dhahabu. Nilipomuuliza kuhusu saa hiyo, alisema ni ya kutazamia wakati.

Orpah, mke wa Nyangate, alipendekeza nishani ishonwe ndani ya koti, kwenye bitana. Mumewe alikataa katakata.

"Miaka hiyo yote mimi ndiye nililima peke yangu," Orpah ananiambia. "Nusu ya hiyo nishani ni yangu. Lakini nataka harusi ya mtoto ipite salama."

Tryphosa anaingia zizini kuchukua maziwa. Anaitazama nishani, anafuta tone la maziwa lililoirukia kwa ncha ya leso yake.

"Vaa, Tata," anamwambia baba yake, kisha anaondoka na ndoo.

Nyangate anasimama, magoti yakilia.

"Nitaingia nayo. Wakinitoa, natoka. Lakini bibi harusi atakuwa amenishika mkono, na amesema haachilii."