Shamba la Mama Larudi Kwenye Ramani

Nilipokabidhiwa kishikwambi cha kupimia mashamba, nilikuwa na miaka miwili tangu nimalize chuo, nikifundisha tuisheni ya hisabati kwenye baraza ya nyumba yetu Kihonda, Morogoro. Kazi yenyewe, sehemu ya upimaji wa mashamba nchi nzima, ilikuwa ya wiki chache tu. Tulipewa orodha ya maeneo yaliyopimwa miaka ya nyuma, tuyatafute, tuyazunguke kwa miguu huku kifaa kikichora mpaka, kisha tuandike kilichobadilika. Wenzangu walilalamikia jua. Mimi nilikuwa naamka kabla simu haijaniamsha.

Eneo langu la kwanza lilikuwa hapohapo Kihonda. Nilifuata alama kwenye ramani, nikapita wafyatua matofali, nikakata kona mbili, nikajikuta mbele ya mlango wenye pazia. Mama mmoja akatoka na mwiko mkononi.

"Karibu. Unamtafuta nani?"

"Natafuta shamba la mahindi," nikasema.

Akakitazama kishikwambi, halafu akanitazama mimi. "Hapo unaponyooshea kidole ni sebuleni kwangu, dada."

Tulicheka wote wawili. Akaniruhusu kuingia, nikasimama katikati ya makochi mpaka alama ikatulia chini ya miguu yangu. Nikaandika: makazi, hakuna kilimo. Hadi jioni nilikuwa nimeandika hivyo mara nne.

Siku tatu baadaye tulipelekwa Dakawa, na huko mambo yakawa kinyume. Palipoandikwa pori nilikuta majaruba ya mpunga, maji yanang'aa, watu wanapandikiza. Nilizunguka juu ya kingo zake, nikateleza, nikaingia matopeni hadi magotini nikiwa nimekiinua kishikwambi juu kama mtoto mchanga. Mstari wa mpaka kwenye kioo ulikuwa haujakatika. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba ardhi ya kilimo ya nchi huongezeka na kupungua, lakini sikuwahi kufikiria kwamba unaweza kuikuta ikifanya hivyo, huku imepungua, kule imeongezeka, na wewe uko na viatu vimejaa tope.

Wiki ya mwisho orodha ikanipandisha Uluguru, kwenye kijiji alichozaliwa mama yangu. Jina la tatu lilikuwa la mama mkubwa, dada yake mama. Kwa kuwa ni ndugu yangu, tulikubaliana kwamba mwenzangu, binti wa Kihaya aliyekuja Morogoro kusoma kilimo akabaki, ndiye atakayeuliza maswali. Mimi nipime tu.

Tulipanda mlima tangu asubuhi. Tulipofika, mama mkubwa alikuwa anapalilia maharage kwenye mteremko mkali hivi kwamba mtu hawezi kusimama bila kuegemea jembe.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mmekuja kula au mmekuja kuandika?"

"Kuandika kwanza."

Mwenzangu akasoma orodha. Kipimo cha zamani kilionyesha shamba moja, na juu yake sehemu iliyotelekezwa, imeota vichaka.

"Vichaka vipi?" mama mkubwa akauliza. Akatuongoza juu. Pale ramani ilipoonyesha pori, palikuwa na matuta ya ngazi, moja juu ya jingine, yamepandwa kabichi na karoti, majani ya kukinga udongo kwenye kila ukingo. Alikuwa ameyachimba na wanawake wenzake kwa misimu mitatu.

Kisha akanigeukia. "Hapa ni pa mama yako. Alipoolewa mjini pakalala. Kwetu shamba hufuata mama, kwa hiyo ni pako. Zunguka upime."

Sikujua. Mama hakuwahi kuniambia, au aliniambia nikiwa mdogo nikasahau. Nilibonyeza kitufe cha kuanzia, nikazunguka tuta kwa tuta hadi nikarudi kwenye kona ya kwanza. Kifaa kikatoa jibu, robo tatu ya eka hivi. Nikamsomea.

"Hicho kimekosea," akasema. "Mimi nimelima hapa. Mgongo wangu unapajua."

Nikaanza kumweleza habari za setilaiti. Hakunisikiliza. Alileta kamba ya katani yenye fundo kila mita, akashika ncha moja juu, mwenzangu akateremka na ncha nyingine, nami nikahesabu mita. Kwa ubavu ule kifaa kilisema arobaini na moja. Kamba, iliyolala juu ya ardhi yenyewe, ilisema hamsini.

Tulitazamana. Mwenzangu ndiye aliyeelewa kwanza. "Kinapima kama ndege anavyoona kutoka juu," akasema, akiuweka mkono wake bapa, kisha akauinamisha. "Ukiuinamisha, kivuli chake kinapungua. Lakini mkono ni uleule."

"Basi muandike mkono," akasema mama mkubwa, "msiandike kivuli."

Nilipanda juu ya jiwe refu kutafuta mtandao, nikampigia msimamizi wetu. Akasema tuandike cha kifaa, maana nchi nzima inapimwa hivyo, vinginevyo vipimo havitalingana. Ila kuna nafasi ya maoni. Tukaijaza yote: mteremko, kamba, mita hamsini. Mama mkubwa akataka tumsomee mara mbili. Halafu akataka kuuzunguka mpaka yeye mwenyewe, kishikwambi mkononi. Alitembea polepole, macho kwenye mstari unaomfuata, na mstari ulipojifunga akakaa chini na kuupitia tena kwa kidole.

Habari zilienea. Majirani wanne walikuja kutaka yao yapimwe, ingawa hawakuwa kwenye orodha. Tuliwapimia wote bila kuandika popote, hadi tukachelewa gari la kushuka na kulazimika kulala pale. Tulikula ugali na maharage, na mama mkubwa akanieleza ni tuta lipi lina udongo mzito na lipi hukauka mapema.

Nilishuka kesho yake nimeshaamua kulima. Msimu uliofuata nilipanda njegere kwenye matuta mawili ya chini. Moja liliharibiwa na ugonjwa wa ukungu. La pili lilizaa vizuri, na debe la kwanza nilimpelekea mama, akalimenya lote peke yake, hakutaka nimsaidie.