Shairi Lililotoka Sandukuni

Mwaka jana, kwenye kaunta ya mpiga chapa mjini, nilimwona mzee mstaafu wa machimbo akikabidhi mashairi yake ya maisha yote. Aliwatungia wafiwa, nakala moja kwa kila nyumba, kisha akayakusanya upya mlango kwa mlango.

Karani alikuwa akifunga rundo kwa kamba mama mmoja alipoingia akihema, akafungua fundo la kitenge, akamnyooshea mzee karatasi.

“Papa, ngoja! Ya mutoto wangu iko hapa!”

“Citoyenne, tumesha kufunga,” karani akasema, akimwita ‘raia’ kwa Kifaransa cha ofisini.

Mzee akashangaa. “Mama, si tuliiweka mu sanduku, tukamuzika nayo?”

“Niliitoa. Nilimuachia rozari.”

Mzee akacheka huku akilia. Karani akafungua kamba bila kuambiwa.

Juma hili kitabu kimetoka. Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa na mvi nimekianza kwa ukurasa wa mwisho, penye shairi la mtoto yule.