Lenzi Haikuwa Mbovu

Habari hii nimewasimulia watu kadhaa, na karibu wote wameniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimelala vizuri, sikuwa na homa, na tangu nije Doha sijaonja pombe hata siku ya Krismasi. Kwa hiyo wewe nisikilize tu, maswali utaniuliza baadaye. Nilichokiona nilikiona kwa macho haya, dukani kwetu, taa zote zikiwaka na watu wakipita nje na vikombe vyao vya karak, ile chai ya maziwa ya huku.

Mimi nauza lenzi za kamera. Duka letu liko mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, katikati ya dobi na mkahawa. Zaidi tunauza lenzi za kampuni za pembeni, yaani si wale waliotengeneza kamera yenyewe. Bei yake mtu wa kawaida anaiweza, na zinaingiza mwanga mwingi, hata kwenye chumba chenye balbu moja uso unatoka safi. Ubaya wake, watu wanasema, ni otofokasi, yaani lenzi kujilenga yenyewe. Utasikia eti hizi za pembeni haziaminiki, leo zinashika jicho, kesho zinashika sikio. Maneno hayo yananiudhi sana. Kila lenzi ninayouza huwa nimeijaribu mwenyewe, kwenye mwanga na kwenye giza. Mteja akirudi kulalamika, kwangu ni kama amenitukania mama.

Sasa, jioni moja ya Julai, adhana ya magharibi imetoka kumalizika, akaingia Barasa. Nilimkumbuka. Ni Mkenya kama mimi, mtu wa Bungoma, askari wa ulinzi kwenye jengo moja kule Lusail. Miezi michache nyuma nilikuwa nimemuuzia lenzi ya milimita thelathini na tano. Alikuwa na chaneli yake ndogo mtandaoni, anawaeleza vijana wa nyumbani maisha ya ulinzi Qatar yakoje. Anaiweka kamera juu ya ndoo, anakaa kitandani, anaongea.

Aliiweka lenzi mezani kwangu bila hata kunisalimia.

"Sister, hii kitu imekufa. Rudisha doo zangu."

"Habari ya jioni na wewe pia, kaka," nikamwambia. "Imekufaje?"

"Haishiki uso wangu. Inashika ukuta. Mwezi mzima sasa. Mtoto wangu ako na miaka minne, anaangalia video zangu zote huko nyumbani. Juzi akamwambia mama yake, baba hana uso. Unajua hiyo inauma aje?"

Akanionyesha kwenye simu. Video za mwanzo zilikuwa safi, ungeweza kumhesabu kope. Halafu polepole, wiki baada ya wiki, uso ulianza kulainika, mpaka zile za mwisho ukawa ukungu mtupu. Nyuma yake rangi ya ukuta ilionekana vizuri na kila ufa wake. Sauti ilikuwa yake, mabega yake, uso hakuna.

Nikaifunga lenzi kwenye kamera ya dukani. Nikaielekeza kwa jamaa wa dobi aliyekuwa amesimama mlangoni kwake. Kwenye skrini, kile kisanduku cha kijani cha fokasi kikamrukia jichoni papo hapo. Nikaielekeza kwa mpita njia, kwa doli la plastiki tunalofanyia majaribio, kwa sura yangu mwenyewe kwenye kioo. Ilishika kila mahali. Nikamgeukia Barasa nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni, nikaielekeza kwake.

Lenzi ikaanza kutafuta. Unaisikia, ina sauti ndogo ya kukereza, inaenda mbele inarudi nyuma. Kisanduku kikagusa paji la uso, kikatoka, kikaenda kutua kwenye rafu ya mikanda ya kamera nyuma yake. Nikarudia. Kikaenda kwenye rafu. Nikamwambia asogee karibu na taa, avue kofia, asicheke. Rafu.

Nikasema haya, tujaribu nyingine. Nikafunga lenzi mpya kutoka kwenye boksi, ikamruka. Mwishowe nikachukua ile ya waliotengeneza kamera yenyewe, ile ya bei ghali ambayo mudir, bosi wetu, huifungia kabatini. Hiyo nayo ikamruka. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Lenzi yangu haikuwa na kosa. Nilitaka kumwita kila mtu aliyewahi kuzisema vibaya lenzi za pembeni aje ajionee.

Furaha hiyo haikukaa. Kama lenzi zote ni nzima, basi tatizo ni nini? Nilimtazama yule mtu vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevimba chini ya macho. Viatu vyake vya kazi alikuwa amelegeza kamba zote. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema ni uchovu na joto tu, kichwa kinagonga lakini anameza dawa za maumivu, anasonga mbele.

"Ngoja nifokasi kwa mkono," nikasema. Mimi si mtu wa kushindwa na kitu ninachokiuza.

Nikairudisha ile lenzi yake, nikazima otofokasi, nikakuza picha kwenye skrini mpaka uso wake ukajaa. Juu ya lenzi ile kuna dirisha dogo lenye namba za umbali. Barasa alikuwa mbele yangu, ningenyoosha mkono na kunyanyuka kidogo ningemshika. Nikaizungusha pete mpaka umbali huo. Vifungo vya shati vikawa wazi. Uso ukabaki ukungu. Nikaendelea kuzungusha. Shati likapotea, rafu ikaja ikapotea, kila kitu kikawa mvuke. Nikafika mwisho wa pete, pale penye alama ya nane iliyolala, umbali tunaoutumia kwa mwezi na kwa minara iliyo ng'ambo ya maji. Hapo ndipo uso wa Barasa ulipotokea.

Ulikuja wazi kuliko uso wowote niliowahi kuuona kwenye kamera. Macho yalikuwa yamefumbwa. Midomo ilikuwa mikavu, imekunjwa kwa ndani. Puani kulikuwa na pamba.

Wewe umeshawahi kuaga maiti nyumbani? Basi unajua ninachosema. Ni ile sura ya mtu aliyekwisha kuandaliwa. Nilishusha kamera. Barasa alikuwa pale pale, macho wazi, anajikuna shingo. Nikapandisha kamera. Pamba. Nikashusha, akanipepesea macho.

"Umepata?" akaniuliza. "Iko sawa? Piga basi."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na sijui nikuelezeje, kilikuwa kinavutwa. Kitufe kilikuwa kinakitaka kidole. Nilijua kwa hakika, kama ninavyojijua jina langu, kwamba nikibonyeza mtu huyu hatafika mwisho wa wiki. Niliogopa. Lakini niliona hasira pia, tena nyingi. Kwa nini iwe mimi, na lenzi yangu, kwenye duka langu? Nikaondoa kidole. Nikatoa betri kwenye kamera nikaitia mfukoni.

"Haijashika," nikamwambia. "Pesa zako utapata zote, leo hii. Lakini kuna rafiki yangu ni nesi, atakupima presha kwanza."

Akacheka. "Kwani lenzi imeshikwa na malaria?"

"Ndiyo sharti la duka."

"Sharti gani hilo? Tangu lini?"

"Tangu leo."

Akaacha kucheka. Akainama karibu na meza, akashusha sauti. "Sister, mimi siwezi enda hospitali. Supervisor akisikia niko mgonjwa ananirudisha Kenya kesho. Contract yangu inafanywa mpya mwezi ujao. Wacha tu nilale, nitakuwa sawa."

"Huendi hospitali. Unapimwa hapa hapa. Ukiwa mzima unachukua pesa unaenda."

Alitaka kuondoka. Nikatoka nyuma ya meza, nikafunga mlango kwa ndani, nikasimama mbele yake. Mimi ni mfupi, yeye ni jitu. Alinitazama kama mtu aliyekutana na kichaa, na sikumlaumu. Nikampigia simu Nyambura, tunaimba naye kwaya moja, anakaa Al Wukair lakini jioni hiyo alikuwa mjini. Sikumweleza cha kamera. Nilimwambia tu aje na mashine yake, aje mbio.

Tulimngoja. Barasa alikaa kwenye kiti cha wateja, ametoa kiatu kimoja. Mguu wake ulikuwa na alama ya soksi iliyozama ndani ya nyama. Niliona aibu kwamba kabla ya hapo nilikuwa nikitazama lenzi tu.

Nyambura alipofika alimfunga mkanda mkononi, akasoma, akahamia mkono wa pili, akasoma tena. Akamwuliza kwa upole, "Kaka, umekuja hapa na nani?"

"Nimetembea kutoka stesheni ya metro."

"Leo hutatembea tena," akasema, na kwa macho akanionyesha mlango nifungue.

Tulimpakia kwenye teksi akibisha. Njiani kwenda hospitali alitapika, na kabla hatujafika akawa haelewi tena tunamwambia nini. Figo zilikuwa karibu kusimama. Presha, joto, maji kidogo, na zile dawa za maumivu alizokuwa akizimeza kama njugu. Daktari alimwambia Nyambura kwamba kama Barasa angerudi kulala chumbani kwake usiku ule, asubuhi wenzake wangemkuta amekufa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilienda nikakaa kwenye ngazi za nje, nikalia kwa sauti kama mtoto, na watu wakanipisha.

Walimsafisha damu kwa mashine siku nyingi. Siku moja kati ya zile za mwisho nilienda kumwona na kamera, ile ile, lenzi ile ile. Nyambura, ambaye nilikuwa nimeshamweleza yote, alinikataza. Nikamwambia siwezi kulala bila kujua. Nilipoielekeza kwa Barasa, kisanduku kikaenda moja kwa moja kwenye jicho lake la kushoto, kikatulia. Nikabonyeza. Ni picha ya mtu aliyekonda, mwenye hasira, akiuliza pesa zake ziko wapi.

Pesa nilimpa. Lakini mkataba haukufanywa upya, kama alivyoogopa. Alirudishwa nyumbani. Kwa hilo alinikasirikia mimi, na bado amenikasirikia, kwa sababu sikumwambia kamwe nilichokiona. Ungemwambiaje mtu? Kwake mimi ni yule mwanamke wa dukani aliyemfungia mlango akapoteza kazi. Huwa nampigia kwa video, anapokea kwa shingo upande, na mtandao wa kwao ukisumbua sura ikaanza kufifia, namwambia sogea dirishani, sogea sasa hivi. Anasema, "Dada, ni network." Namwambia nenda kapimwe. Anaguna, lakini anaenda. Mkewe ananiambia.

Mimi sijawa yule wa zamani. Pete ya lenzi siizungushi mpaka mwisho nikiwa na mtu mbele yangu, hata mteja akiniomba. Otofokasi ikisitasita usoni pa mtu, naishusha kamera. Nimeweka mashine ya presha mezani, kando ya lenzi, na mudir anadhani ni mbinu ya biashara. Habari zilipovuja kwenye kwaya, watu walianza kuja Ijumaa baada ya ibada, maana huku kanisani tunaenda Ijumaa, eti niwatazame. Nawafukuza. Sitazami mtu. Mashine iko hapo, kaa, nyoosha mkono.

Na wewe, kama una kamera, ikawa inashika ulimwengu mzima isipokuwa uso mmoja, usikimbilie dukani kurudisha lenzi. Muulize mwenye uso huo anaendeleaje, na asikudanganye kwamba ni uchovu. Mfungie mlango ukibidi. Barasa aliandika maoni kuhusu duka letu mtandaoni akiwa kwao Bungoma. Ametupa nyota moja. Ameandika kwamba lenzi zetu ni takataka, otofokasi hakuna, na muuzaji ana wazimu. Mudir ameniambia nimbembeleze ayafute. Nimekataa. Kila asubuhi kabla sijafungua duka nayasoma, na juzi nimeona ameongeza sentensi nyingine ya matusi.