Kifuko cha Mnadi Aparicio

Hospitali ya mkoa wetu inawatangazia wananchi wote kwamba vifuko vya koo, vile vinavyoota kwa wazee na kupokea chakula kabla tumbo halijakipata, sasa vinatibiwa kupitia mdomoni, bila kupasua shingo, bila kovu, na mgonjwa hurudi kazini kwake kama alivyokuwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni, juu ya picha ya mzee anayetafuna tufaha.

Don Aparicio Techera alilisoma kwa sauti, maana kila kitu alikisoma kwa sauti. Ndiye aliyenadi ng'ombe katika mji wetu, kaskazini mwa Uruguay, kwa sauti kubwa hata padri alikuwa akisubiri amalize kuuza fahali ndipo aendelee na misa ng'ambo ya reli. Lakini siku hizo kipaza sauti kilinasa kitu kingine: mlio wa maji kooni, kama sinki linaloziba.

"Don Aparicio, na huyo anayekoroma humo ndani anatoa bei gani?" wanunuzi walimtania.

Nyumbani hakuna aliyecheka. Boga la mchana lilirudi mdomoni jioni, vipande vizima. Mkewe Nélida alimtobolea mkanda tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Jumapili, nyama ikichomwa, mzee alikaa upande wa moshi apate walau harufu.

Daktari Olivera, bingwa aliyetujia na mashine yake kutoka Montevideo mara chache kwa mwaka, aliwaeleza bila kupamba.

"Nikipitia mdomoni, nakata ukuta ulio kati ya kifuko na njia ya chakula, nabana kingo kwa pini. Unapona haraka, ila tatizo linaweza kurudi. Nikipasua shingo, nakitoa chote. Lakini neva ya sauti inapita hapo hapo."

"Mdomoni," alisema Don Aparicio. "Shingoni ndiko iliko kazi yangu."

Siku ya upasuaji alikatazwa kula na kunywa. Kwenye korido, mama mmoja wa mashambani alikuwa akizungusha kibuyu cha yerba ya moto, majani ya kwetu yanayonywewa kama chai, na mrija wake mmoja wa chuma, akimjazia kila aliyekaa kwenye benchi, kwa zamu. Kukikataa kabla hujaonja ni kumwambia mtu mdomo wake mchafu. Zamu ilipofika, Don Aparicio alikunywa.

"Umekunywa chochote, babu?" aliuliza daktari wa usingizi.

"Hata tone."

"Na majani haya kwenye meno?"

"Hiyo yerba."

"Yerba si kinywaji?"

"Yerba ni adabu, binti yangu."

Binti hakutabasamu. Kifuko kilikuwa kimejaa. Mzee angelazwa kwa dawa, kingemwagikia mapafuni. Upasuaji ukafutwa. Daktari Olivera aliondoka na mashine yake. Angerudi majira ya kuchipua. Baridi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

"Mbona hukunizuia?" Don Aparicio alimuuliza mkewe.

"Ningekuzuiaje, na mimi nilishakunywa kabla yako?"

Kufikia Julai hata maji hayakupita. Homa ya mapafu ikamlaza wodini, mbavu zikihesabika juu ya shuka. Daktari Sosa, wa hapa hapa, ambaye chombo chake ni kisu, alisema mgonjwa hatafika majira ya kuchipua.

"Mpasue," alisema Nélida.

"Nisiponadi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mzee anayekula."

Mzee aligeukia ukutani. Alikaa hivyo mpaka supu aliyoletewa ikapoa, na Nélida akaiondoa bila kumwomba ajaribu. Ndipo alipotikisa kichwa kukubali.

Walipokuwa wakimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, alijiinua kwa kiwiko na kunadi, kwa sauti iliyofungua milango ya wodi zote:

"Mzee mmoja! Mifupa safi, yote inaonekana! Koo bovu, sifichi! Nani anaanza? Nani?"

Hakuna aliyetoa bei.

"Namchukua mimi," alisema Nélida, akilia. "Kama alivyo."

"Ameuzwa," alisema Don Aparicio, akalala chali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari Sosa anasema hivyo, na boga la Nélida linathibitisha, maana linashuka na kubaki huko. Mzee amenenepa kiasi. Mnada sasa unaendeshwa na kijana kutoka mji jirani, na padri hamsikii. Tangazo bado liko mlangoni.

Mezani kwao, karibu na sahani ya Don Aparicio, Nélida ameweka kengele ya kondoo. Mzee akitaka chumvi, anaitikisa.