Ubao wa Bafu

Arlene Voss alikuwa fundi bomba, na kabla hajaja, kwenye lile shamba la wanawake milimani Oregon hakuna aliyejua maji ya moto. Miaka mitatu alichimba mitaro, akaunga mabomba, akapigilia mbao. Bafu lilipokwisha, mpenzi wake Bev aliandika ubao kwa rangi nyekundu, wakaukaza juu ya mlango kwa skrubu nne: LIMEJENGWA NA WANAWAKE PEKE YAO.

Basi Oktoba ya 1978 ikaja barua kutoka mjini: fundi wenu huyo alizaliwa mwanamume, na amewahi kuvaa sare ya wanamaji. Ilikuwa kweli. Bev alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na alikuwa amesema hajali.

Asubuhi yake wakaketi duara kuamua kama Arlene aondoke. Kwa desturi yao jambo halipiti mpaka wote waridhie. Mmoja akisema hapana, limekufa. Anayejadiliwa tu ndiye hana sauti. Jiwe hupita mkono kwa mkono, na mwenye jiwe ndiye msemaji.

"Mimi nilikimbia mume aliyenivunja taya," alianza Wren, mwenye shamba, na hilo hakuna aliyelibisha. "Sikuja huku kuoga na dume lililovaa sketi."

"Sketi sina, dada," akasema Arlene. "Nina ovaroli kama yako."

"Dada yako nani? Na jiwe huna!"

Wakaangua kicheko. "Ndiyo maana anabeba magogo mawili mawili!" akadakia mmoja. "Mimi ile sauti nilijua ni mafua yasiyopona!" Na hao ndio waliokuwa wakimkimbilia kila bomba likiziba! Fadhila ya punda ni mateke, na punda siku hiyo walikuwa kumi na mmoja.

Jiwe likamfikia Bev. Arlene hakutaka hotuba, alitaka neno moja tu. Bev alilitazama jiwe, akamtazama Wren, akalipitisha kwa jirani yake.

"Limepita," akasema Wren. "Saa sita usiwepo hapa."

Arlene alikuwa akipakia vitu kwenye pikapu alipomwona Bev anakuja mbio. Moyo ukamruka, maskini mjinga yule.

"Wamesema ubao uondolewe," Bev akasema. "Eti ni uongo."

"Na bafu?"

"Bafu libaki. Si unajua baridi inakuja."

"Sasa wewe umefuata nini, Bev?"

"Bisibisi. Yetu imekatika ncha."

Arlene akafungua sanduku la vyombo, akampa. Kisha akamfuata hadi bafuni, akasimama chini ya ngazi, akingoja skrubu zitoke moja baada ya nyingine, maana bisibisi alikuwa na hiyo hiyo na kesho angetafuta kazi. Ya nne ilipotoka, Bev alimrudishia bila kumtazama usoni. Ndani, mtu alikuwa ameshafungulia maji ya moto, anaoga huku akiimba.