Maneno ya Herufi Tano

Kila asubuhi, kabla uji haujapoa, nilimwandikia baba herufi mbili juu ya karatasi. A na E, kwa mfano. Kazi yake ilikuwa kutafuta maneno ya Kiingereza ya herufi tano ambayo ndani yake zimo hizo mbili, ayatamke, kisha aonyeshe maana. Bread, mkate. Table, meza. Water, maji. Plate, sahani. Alikuwa amepatwa na kiharusi mwezi wa pili. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakaondoka yote.

Zoezi lenyewe lilikuwa lake. Alifundisha Kiingereza shule za msingi hadi alipostaafu, na kila Ijumaa aliwapa wanafunzi idadi ya herufi na herufi za lazima, kila mmoja alete maneno pamoja na maana zake. Aliyekamatwa akiongea Dholuo, lugha yetu Waluo, alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Nyumbani kwetu Otonglo hakukuwa na kibao, lakini mezani tuliongea Kiingereza, na tulijivunia hilo mbele ya majirani. Dholuo baba aliwabakishia watu wawili: dada yake, anayekausha omena, dagaa wa ziwani, huko Usenge, na mama, ambaye baba hakumwita kwa jina lake hata siku moja. Alimwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa kuwa huko ndiko alikomwoa.

Mama alitaka kuitwa hivyo tena. Aliniambia siku moja tukimgeuza baba kitandani.

"Hata asipotembea, sawa. Lakini aniite."

Hospitalini walituambia kuna mtaalamu wa kurudisha usemi, ila foleni yake ni ya miezi. Tusikae bure, walisema, tumfanyishe mazoezi nyumbani, maana miezi ya kwanza ndiyo yenye nafasi. Hawakusema kwa lugha gani, nasi hatukuuliza. Ndugu yangu mkubwa alisema kwa simu kutoka Nairobi kwamba Kiingereza ndicho kilichomlisha mzee maisha yake yote, kwa hivyo ndicho kitakachorudi kwanza. Ilituingia akilini. Nilinunua sokoni Kibuye mfuko wa herufi za plastiki za mtumba, nikanunua na daftari, nikagawa kila ukurasa safu nne: neno, maana, tarehe, sauti aliyotoa.

Shangazi alikuja mwezi wa nne na omena kwenye kigunia. Alivuta kiti hadi kitandani, akaanza kumchokoza kaka yake kwa Dholuo.

"Mwalimu, nimekuletea omena. Ama siku hizi unakula herufi?"

Akaendelea hivyo hivyo: jirani yake aliyeoa mke wa tatu na nyumba ni moja, mashua iliyouzwa mara mbili kwa watu wawili, mbuzi wa pasta aliyekula nyavu. Upande wa kushoto wa mdomo wa baba ukapanda. Midomo yake ikaanza kufuata maneno ya dada yake, ikikutana na kuachana, na mara mbili sauti ikatoka, si neno, lakini ilielekea neno. Nilikuwa na daftari mapajani. Sikuandika kitu. Daftari halikuwa na safu ya Dholuo.

Mama alimgusa wifi yake begani. Akamwambia kwa upole kwamba daktari anataka lugha moja, mzee asichanganyikiwe. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Tulikuwa tumelirudia neno hilo sisi wenyewe mpaka likawa la daktari. Shangazi akanigeukia, nami nikasema ni kweli. Hakubishana. Baada ya hapo aliendelea kutuma omena kwa wachuuzi waliokuja sokoni kwetu, ila yeye mwenyewe hakuja.

Mwezi wa tano baba alisema "paper". Alilitamka vizuri kabisa, kama mbele ya darasa. Tulichinja kuku. Wiki iliyofuata aliomba maji kwa neno hilo. Halafu choo. Halafu redio. Kufikia mwezi wa nane safu ya nne ilikuwa na neno moja kutoka juu hadi chini, na tukimsahihisha alipiga godoro kwa mkono wa kushoto. Nadhani masikioni mwake alikuwa anasema kitu sahihi.

Zamu yetu kwa mtaalamu ilifika mwezi wa kumi. Alikuwa binti mdogo, mtaratibu. Alisoma daftari langu lote, akasema limepangwa vizuri. Kisha akauliza mzee alianza kuongea lugha gani akiwa mtoto. Mama akamwambia.

"Na hiyo mmeijaribu?"

Mama akatikisa kichwa. Hakutulaumu. Alisema hawezi kuapa kwamba mambo yangekuwa tofauti, ila yeye angeanzia hapo. Sasa nafasi ni ndogo, lakini tujaribu.

Tulimpigia shangazi simu, akaja siku ya pili yake. Aliongea tangu chakula cha mchana mpaka sauti ikamkauka, akarudia hata ya mbuzi wa pasta. Muda wote huo baba alimtazama mdomo. Midomo yake haikufuata. Alisema "paper" mara kadhaa, kwa adabu, kama mtu anayemjibu mgeni. Mwisho mama alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, akamuuliza kwa Dholuo, "Mimi ni nani?" Baba alimtazama, akamjibu kwa neno lile lile, kisha akageuza uso ukutani.

Shangazi alisimama akajifunga leso.

"Siku ile nilipoleta omena, alikuwa njiani anarudi," akasema. "Mimi nilimwona."

"Hata mimi nilimwona," mama akasema.

Nikamsindikiza shangazi hadi barabarani, tukasimama kungoja gari la Usenge.